Ukanda wa Gogo

Ni harufu ndiyo iliyonikamata. Tulikuwa tumemzika kaka yangu, wageni wengi wamesharudi kwao, sufuria kubwa za kuazima zimesharudishwa, na nyumba imeingiwa na ule ukimya wa baada ya matanga. Mke wake, Nelly, akanivuta chumbani, akapiga magoti, akaburura kutoka chini ya kitanda mkebe mkubwa wa bati wa mafuta ya kupikia. Rangi yake ilishaisha kwa kushikwashikwa.

"Mama Brian," akaniambia, "hii chukua wewe. Mimi sina kazi nayo, na sitaki watoto waichezee."

Nikafungua kifuniko. Samli, moshi wa mkaa, ngozi. Nikakaa pale pale sakafuni na gauni langu la matanga, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, nikalia kwa mara ya kwanza tangu kaka afe. Kaburini sikuwa nimelia. Watu walinisifu kwamba nina moyo, kumbe moyo ulikuwa unangoja mkebe.

Wewe uliyelelewa upande ule wetu unaijua ile mvua ya kule. Asubuhi ukungu umelala juu ya chai mpaka huoni wachumaji, unasikia tu sauti zao, mtu anacheka, mtu anakohoa, kana kwamba ni majani yenyewe yanayoongea. Kisha jua kidogo, watu wanaanika mahindi. Chakula cha mchana kikishaliwa tu, mawingu yanateremka kutoka Kericho na inanyesha mpaka jioni. Utoto wangu wote naukumbuka ukiwa na maji madirishani. Tulikaa juu ya kilima, mbele kidogo ya Sotik, watu watatu: Gogo, ambaye ndiye nyanya yetu mzaa baba, kaka yangu Kiprono, na mimi Chebet. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya. Mama alichuma chai kwenye shamba kubwa la mbali, akawa anakuja mwisho wa mwezi na mkate, sukari na miguu iliyovimba. Kwa hiyo aliyetulea, kwa kupika na kwa kiboko, ni Gogo.

Gogo alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa zamani zikawa ndefu, naye alizikunjia juu ya masikio na kuzificha ndani ya kitambaa, maana alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na mambo ya zamani alikuwa ameyaacha. Kila mtu kilimani alijua habari ya siku ile, kabla sijazaliwa, ambapo wanawake walileta mikanda yao nyuma ya kanisa wakaichoma. Ulikuwa ukanda wa ngozi ulioshonewa kauri na shanga, leketiet kwa lugha yetu, ambao mwanamke alivikwa tumboni akishazaa. Mchungaji alisema ni vitu vya giza. Gogo ndiye aliyetangulia kutupa wake motoni, akaimba, wengine wakafuata.

Sasa nieleze mimi mtoto niliona nini. Siku moja ya mvua niliingia chumbani bila kubisha nikamkuta Gogo ameketi kitandani, mkebe katikati ya miguu, anapaka samli kitu kirefu cheusi chenye meno meupe. Alikipaka polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta.

"Ni nini hiyo, Gogo?"

"Dawa ya mgongo," akasema bila kuniangalia. "Na usiende kuitangaza. Mgongo ukitangazwa unazidi kuuma."

Nikaamini, mbona nisiamini? Mgongo wake nilikuwa nauona. Kila alipoinama kwenye chai kisha akajinyoosha kwa shida, nilijiambia leo amesahau kupaka.

Kiprono alikuwa kila kitu changu. Alinitengenezea gari la mabua, alinibeba mtoni wakati maji yamejaa, na wakati wa usiku wa radi alinihesabia mpaka ngurumo ifike ili nisiogope. Halafu likizo ya Desemba moja akaingia jando na wenzake, na kwa majuma mengi nikakatazwa hata kuangalia upande wa kile kibanda walichofungiwa. Walipotoka, wamevikwa mashada ya sinendet, ule mmea wa kutambaa wanaovikwa washindi, sikumtambua. Alikuwa mrefu zaidi na anatembea taratibu. Watu walikunywa maziwa ya kibuyu, mama zao wakapiga vigelegele, na Gogo wangu wa maneno machache akacheza mpaka kitambaa kikaanguka na ndewe zake zikaonekana. Tangu siku hiyo Kiprono hakuingia tena jikoni. Aliletewa chakula kwenye meza. Mimi ndiye niliyempelekea, na nilijivuna, wacha nikwambie, kuliko mke wa chifu.

Ndipo vita vikaja.

Wakubwa walijua vinatoka wapi. Kura zilihesabiwa, redio ikasema neno, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuchomeana nyumba. Mimi sikujua. Kwa hesabu yangu ya mtoto, vita vilikuwa ni sehemu ya mwisho ya jando. Mvulana anaingia kibandani, anatoka, anapewa jina la kiume, kisha vita vinaletwa ili amalizie, kama vile mwisho wa darasa unavyoletewa mtihani. Ushahidi wangu ulikuwa wazi: mwaka ule ule kaka yangu ametoka, na vita hivi hapa. Nilipoona moshi umesimama juu ya vilima vya mbali asubuhi, umechanganyika na ukungu mpaka huwezi kuutenga, niliona ni mzuri. Nilidhani ni kwa ajili yao.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, ilikuwa nyumba ya mzee Odhiambo. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana akaja kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha chai, na ile plot aliinunua kutoka kwa babu yetu mwenyewe. Binti yake Achieng tulikuwa darasa moja. Mama yake aliuza samaki wakavu sokoni, na siku ya mvua harufu ya ile nyumba ilivuka barabara ikaingia kwetu, Gogo akawa anasema, "Leo kwa Odhiambo wanakula vizuri." Siku redio iliposema lile neno, lori la kiwanda lilikuja likawapakia likawapeleka kituo cha polisi. Achieng alikuwa amekaa juu ya godoro, ameshika kuku. Hatukupungiana mkono. Nilidhani wanaenda sherehe ya kwao.

Baada ya siku tatu nne hivi wakaja vijana. Ilikuwa mchana, mvua bado haijaamua. Mbele alikuwa Weldon, yule aliyewalinda na kuwafundisha kule kibandani, ambaye neno lake kwa waliotoka mwaka ule lilikuwa kama la baba. Walibeba pinde, rungu, na mtungi wa petroli. Wakasimama barabarani nje ya lango letu.

"Kiprono," Weldon akaita. "Toka. Wenzako wote wako hapa."

Kaka yangu akatoka ndani. Alikuwa ameshika upinde wa baba yetu, ule uliotundikwa ukutani miaka yote, na uso wake ulikuwa umekauka. Nilikuwa mlangoni. Nilisikia moyo wangu ukidunda kwa furaha. Leo anamalizia, nikasema, leo anakuwa mwanaume kamili.

Gogo akampita. Sikumwona akitoka, nilimwona tu yuko mbele yake tayari, anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona, na mkononi ana ile dawa ya mgongo. Alifika langoni. Akainama, akaitandika chini, kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, kauri zikiangalia juu. Kisha akasimama kando akakunja mikono.

Mimi ndiye pekee pale ambaye sikujua maana yake. Wale vijana walijua. Walifundishwa na mama zao kabla hawajafundishwa na Weldon: ukanda wa mwanamke aliyezaa ukilazwa njiani, mwanaume anayekwenda vitani hauvuki. Akiuvuka ameruka tumbo lililomzaa, na hakuna wa kumwondolea laana hiyo.

"Gogo," Weldon akasema mwishowe, kwa sauti ya heshima lakini yenye kicheko ndani, "si hizi vitu mlichoma? Wewe ndiye ulianza. Mama yangu alichoma yake kwa sababu yako."

"Nilichoma kamba ya mbuzi," Gogo akasema. "Nilikuwa nimeifunga kwa leso. Mwambie mama yako nimekubali nilimdanganya. Na mwambie anisamehe."

Wewe uliyeketi kanisani na akina mama wale unajua maneno hayo yalimgharimu nini. Alikuwa anavua nguo mbele ya kilima kizima. Katika wale vijana kulikuwa na mtoto wa mzee wa kanisa na wajukuu wa rafiki zake, na kabla jua halijatua kila jiko lingekuwa linajua. Alijua hivyo, na bado alisimama na mikono imekunjwa, kitambaa kimelegea.

"Hiyo nyumba ya Odhiambo hata haina mtu," Weldon akasema. "Ni mabati tu."

"Basi hamumhitaji huyu."

"Gogo, unamwaibisha. Wenzake wanaona."

"Waone."

Akageuka akamtazama Kiprono, na sauti yake ikashuka. "Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, sitakushika shati. Njia ni hiyo."

Kaka yangu alisimama mbele ya ule ukanda na upinde wa baba mkononi. Mtu mmoja kule barabarani akacheka. Mwingine akasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, wakacheka zaidi. Weldon hakucheka. Alisema tu, polepole, "Sisi tutakuwa hapo. Ukipata njia, njoo," kisha wakageuka wakavuka barabara. Barabara ilikuwa pana, na ukanda ulikuwa mmoja.

Sasa, boma letu lilizungushiwa ua wa michongoma, na nyuma, karibu na choo, ua ule ulikuwa na tundu. Kiprono mwenyewe ndiye alilikata, ili tukatize kwenda mtoni bila kuzunguka. Tulilijua yeye na mimi. Nilipoona amemwachia Gogo lango na kuelekea nyuma ya nyumba, nikajua anakwenda wapi, nikakimbia nikatangulia. Nilichutama kando ya lile tundu. Miiba ilinishika nywele. Harufu ya petroli ilikuwa imeshaanza kufika.

Akaja. Akaniona. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Hapa hakuna ukanda," nikamwambia. Nilisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha kitu alichosahau.

"Najua," akasema.

Nikasogea kando kidogo ili apite. Hakupita. Aliangalia lile tundu kwa muda, tukasikia mabati ya kwanza yakilia kwa moto ng'ambo ya barabara, na watu wakishangilia kwa nyimbo zile zile walizoimba walipotoka jando. Kaka yangu akakaa chini kwenye matope, mbele ya tundu, akaliziba kwa mgongo wake. Mvua ikaanza. Tulikaa hapo mpaka ikatulowesha, na yeye akawa anahesabu chinichini, kama alivyokuwa akinihesabia wakati wa radi.

Nyumba ya Odhiambo iliungua yote pamoja na mpera uliokuwa mbele yake. Gogo hakuiokoa. Sijawahi kujidanganya juu ya hilo.

Jumapili iliyofuata walimvua uenyekiti. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, alimwita pembeni, mimi nikiwa nimeshika sketi ya Gogo, akamwambia, "Mama, si ungeomba tu?" Gogo akamjibu, "Niliomba, mchungaji. Halafu nikaweka." Akaambiwa akae benchi la nyuma kabisa, lile la walio chini ya adhabu, asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu na alete ule ukanda uchomwe. Hakuuleta. Wanaume kwetu walikaa upande wa kulia na wanawake kushoto. Wimbo wa pili ulipoanza, Kiprono aliinuka kutoka kwa vijana wenzake, ambao tayari walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili, akatembea kanisa zima viatu vikilia, akakaa na Gogo kwenye lile benchi la nyuma. Alikaa hapo kila Jumapili mpaka Gogo akafa.

Mimi niliona haya. Niliimba kwaya mbele na sikugeuza shingo. Kwa akili yangu kaka yangu alikuwa amebaki nusu, mtihani umeletwa hakuufanya, na ule mwaka usingerudi tena. Na si mimi tu. Wenzake walimwita Mtoto wa Ukanda. Kwenye sherehe zao alipewa kiti cha mwisho na bakuli la mwisho. Alipotaka kuoa, rika lake halikwenda kumsindikiza kwa wakwe. Alikwenda na wajomba peke yao, na Nelly alimkubali kwa sababu anatoka mbali, Chebunyo huko, ambako habari hazikuwa zimefika.

Miaka ikapita, mzee Odhiambo akarudi siku moja kuangalia plot yake kabla ya kuiuza. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Alisimama barabarani na kofia mkononi, amezeeka, anaangalia magugu. Vijana wa siku ile, sasa baba za watu, walikuwa wamejawa na kazi ghafla, kila mmoja ameinama kwenye chai yake. Kiprono akavuka barabara akamwamkia.

"Ulikuwa hapa?" mzee akamuuliza.

"Sikuwa huko ndani," kaka yangu akasema. "Lakini nilikuwa hapa. Nilisikia."

Mzee akatikisa kichwa. Akaingia kwetu akanywa chai, wakaongea habari za mashine. Akiondoka aliulizia Gogo, akaonyeshwa kaburi, akasimama hapo kidogo.

Jioni ile, tukichuma chai pamoja, nilimuuliza Kiprono. Nilikuwa nimekua, nilikuwa nimesoma, vita nilishavielewa, lakini swali hili lilikuwa limenikaa kooni miaka yote: alijuta? Alimchukia Gogo kwa kumfanya achekwe maisha yake yote? Yeye aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. "Kikapu chako hakijajaa," akasema. Huyo ndiye kaka yangu. Sikuuliza tena, na sasa hayuko wa kuulizwa.

Basi nilikuwa nimekaa sakafuni, mkebe mapajani. Nilidhani ule ukanda ulizikwa pamoja na Gogo. Ni kitu cha wanawake. Mwanaume hata kuugusa haruhusiwi, na anayeugusa anachekwa zaidi ya yule aliyeogopa vita. Nikautoa. Nilijiandaa kwa kitu kilichokauka na kupasuka. Ngozi isiyopakwa mafuta miaka hiyo yote huvunjika mkononi kama mkate mkavu, wewe unajua, umeona mikanda ya nyanya zetu ilivyo.

Ulijikunja kwenye vidole vyangu kama kitambaa. Kauri zote zilikuwa mahali pake, na mbili zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia ya chai, kwa mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona.

Nelly alikuwa bado mlangoni. "Alikuwa akikamua anatenga maziwa kidogo ya kutengenezea samli," akasema. "Mvua ikinyesha anachukua huo mkebe anaenda nyuma, kule kwa michongoma. Nikimuuliza anasema ni dawa ya mgongo. Na mimi nikaamini, kwa sababu mgongo ulikuwa ukimsumbua kweli."

Nimerudi nao nyumbani kwangu. Brian wangu ametoka jando Desemba iliyopita, amekuwa mrefu, anatembea taratibu, hataki tena kukaa jikoni. Kura ziko karibu. Jioni vijana wanasimama nje ya lango letu na simu zao, wanaonyeshana vitu, wanacheka, na nikitokea wananyamaza na kuniamkia vizuri sana. Jana ilinyesha mchana kutwa. Nilitengeneza samli, nikakaa na mkebe katikati ya miguu, nikaanza kupaka. Brian akaingia kutafuta chaja akaniona.

"Ni nini hiyo, Mama?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile, limetulia kama limengoja zamu yake. Nikalimeza. Nikamwambia avute kiti, nikamweleza yote, tangu kamba ya mbuzi mpaka lile tundu. Alisikiliza bila kuangalia simu. Nilipomaliza akauliza kama mwanaume anaruhusiwa kuushika.

Nikamwambia mjomba wake aliushika.